Machakos ipimwe kwa kilichobaki, si kwa kilichozinduliwa

Kila mwaka kaunti zetu za Kenya huandika mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na kila baada ya miaka mitano huandika ule mpango mkubwa wa CIDP unaobeba ahadi za muhula mzima. Ukizisoma nyaraka hizi, za Machakos zikiwemo, utakuta neno "endelevu" limetapakaa kurasa nzima. Utakuta pia hesabu nyingi: kilomita za barabara, visima vilivyochimbwa, madarasa yaliyojengwa, miche iliyogawiwa. Kinachokosekana ni hesabu ya lile ambalo neno lenyewe linadai. Kisima kilichochimbwa 2014 bado kinatoa maji? Katika ile miche, mingapi imekuwa miti? Udongo wa Mwala una rutuba zaidi au pungufu kuliko ulivyokuwa ugatuzi ulipoanza 2013? Mpango usiojibu maswali ya aina hii unajipa sifa ambayo haujaipima. Hoja yangu ni kwamba uendelevu wa eneo haujulikani kwa kuhesabu vilivyozinduliwa, wala kwa tarakimu moja ya pato. Hujulikana kwa kurudi mahali pale pale, kwa miaka mingi, na kuuliza ni nini kimebaki na kimebaki mikononi mwa nani. Machakos ina haki ya kudai kipimo hicho kuliko kaunti nyingine yoyote, kwa sababu ni miongoni mwa maeneo machache ya Afrika ambayo yamewahi kupimwa hivyo, na pia yamewahi kuumizwa na kipimo cha kinyume chake.

Tuanze na maumivu hayo. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa kuhifadhi udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti isiyoacha nafasi ya matumaini kuhusu ardhi ya Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Machakos imo. Aliona makorongo, vilima vilivyoparuliwa hadi mwamba, malisho yaliyokwisha, akahitimisha kwamba nchi ile inageuka jangwa na watu wake wanaelekea ufukara. Alichokiona kilikuwepo kweli. Lakini alikiona kwa wakati mmoja, baada ya ukame uliorudiarudia tangu mwisho wa miaka ya 1920, na katika eneo ambalo watu wake walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka huku ardhi ya jirani ikishikwa na walowezi. Kipimo kikuu kilichotumika kilikuwa idadi ya mifugo ambayo ardhi inaweza kubeba. Kwa kipimo hicho tatizo lilikuwa ng'ombe wengi mno, na dawa ikawa kuwapunguza kwa nguvu. Mwaka 1938 serikali ilianza kukamata ng'ombe na kuwapiga mnada, na kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa tayari kuwapokea. Wakamba walijibu kwa miguu. Wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na mnada wa lazima. Leo jina lake limeandikwa kwenye barabara iliyo katikati ya Nairobi. Wanaopima maendeleo wanapaswa kukumbuka chanzo cha safari ile: kipimo kimoja, kilichochukuliwa mara moja, na watu waliopimwa bila kuulizwa.

Miaka zaidi ya 50 baadaye watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walirudi kwenye swali lile lile kwa njia nyingine kabisa. Hawakuangalia mwaka mmoja. Walikusanya ushahidi wa miaka 60, kuanzia 1930 hadi 1990: hesabu za watu, takwimu za mvua na mazao, picha za angani, kumbukumbu za wazee, na picha za kawaida zilizopigwa 1937 ambazo walizirudia kutoka sehemu zile zile. Matokeo, yaliyochapishwa 1994 katika kitabu chenye jina linalotamka dai lake, kwamba watu wameongezeka na mmomonyoko umepungua, yaliwashangaza wengi duniani. Katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hesabu ya Maher, ardhi ile ingekuwa imekufa. Badala yake miteremko iliyokuwa mitupu kwenye picha za 1937 ilionekana imefunikwa na matuta, miti na mashamba, na thamani ya mazao kwa kila mtu, ikipimwa kwa bei ya mahindi, ilikuwa takriban mara tatu ya ile ya miaka ya 1930. Kilicholeta mabadiliko hayo hakikuwa muujiza. Ni matuta ya fanya juu yaliyochimbwa na familia na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, kahawa na mboga zilizopata soko, mahindi ya Katumani yanayokomaa kabla mvua haijakatika, ng'ombe waliofungwa zizini ili samadi irudi shambani, mishahara iliyotumwa kutoka mjini, na jiji la Nairobi lililo umbali wa kilomita kama 65 likihitaji kulishwa.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama sifa kwa Wakamba, na wanastahili sifa hiyo. Mimi nataka tuisome kama somo la upimaji, na somo la kwanza ni la muda. Katika miaka ya 1950 maafisa wa kikoloni walihesabu urefu wa matuta yaliyochimbwa kwa kazi ya lazima, na kwenye karatasi hesabu zilikuwa nzuri. Mengi ya matuta hayo yalikuwa membamba, yamechimbwa kwa haraka, na mvua kubwa iliyabomoa. Uhuru ulipokaribia kazi ya lazima ilikoma na mengi yakatelekezwa, maana watu hawakutaka kutunza alama ya kulazimishwa. Mtu aliyepima Machakos mwaka 1955 angeandika ushindi, aliyepima 1962 angeandika anguko, na wote wawili wangekosea. Chini ya hesabu hizo kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likiendelea polepole: wakulima walikuwa wakichagua wenyewe aina ya tuta lenye faida kwao, lile pana linalofaa kahawa na mboga, na lile la fanya juu ambalo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu hadi shamba linajilaza lenyewe baada ya misimu kadhaa. Katika miaka ya 1970 na 1980 kazi hiyo ilishika kasi, safari hii kwa hiari zaidi kuliko amri, na maneno hayo mawili, fanya juu, yameingia katika vitabu vya uhifadhi wa udongo duniani kote. Miaka mitano, ambayo ndiyo urefu wa muhula na wa CIDP, isingetosha kuuona mwendo huo. Tuta lenyewe huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuonyesha kama litasimama.

Somo la pili linatoka kwa waliokosoa kitabu hicho, na hapa ndipo wengi wetu hunyamaza kwa kuwa tunapenda hadithi nzuri ibaki nzuri. Mtafiti John Murton alikwenda Mbooni, sehemu ya wilaya ile ya zamani ambayo sasa iko Makueni, akauliza swali ambalo wastani hauwezi kulijibu: mafanikio haya ni ya nani? Katika makala yake ya 1999 alionyesha kwamba familia zilizokuwa na kipato cha nje ya shamba, mshahara au biashara, ndizo zilizoweza kununua ardhi, samadi na mbolea, na mashamba yao yakaendelea kustawi. Familia zisizo na kipato hicho zilibaki na vishamba vidogo vinavyozidi kuchoka. Kilima ni kimoja, matuta ni yale yale, lakini upande mmoja kuna akiba na upande wa pili kuna deni. Utafiti mwingine uliopima mizani ya virutubisho katika mashamba ya Machakos, kile kinachotolewa ardhini kwa mavuno na kile kinachorudishwa, ulikuta kwamba naitrojeni inayopotea inazidi inayorudi. Maana yake ni kwamba tuta linaweza kuzuia udongo usiondoke na bado udongo huo ukafilisika papo hapo ulipo. Wakosoaji hawakuibomoa kazi ya Tiffen na wenzake. Waliongeza macho mengine, na kila jicho liliona kitu ambacho la kwanza halikukiona. Upimaji wa uendelevu hufanya kazi hivyo hivyo: shahidi mmoja hatoshi, hata akiwa mkweli.

Sasa tutazame vipimo tunavyovitegemea leo. Tangu 2019 Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, limekuwa likichapisha pato la kila kaunti, na Machakos imekuwa miongoni mwa kaunti zenye pato kubwa. Ni takwimu muhimu na tunapaswa kushukuru kuipata. Lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko Mavoko, penye viwanda vya saruji, eneo la viwanda vya kuuza nje la Athi River, na nyumba zinazojengwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi Nairobi. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 300,000 Mavoko kati ya watu 1,421,932 wa kaunti nzima. Ukichukua pato lote ukaligawa kwa watu wote, unapata mtu ambaye haishi Mavoko wala mashambani Masinga, na ambaye hakuna mpango unaoweza kumsaidia. Tena pato huhesabu kinachopita mikononi mwaka huu, halihesabu kilichotolewa ghalani ili kipite. Lugha ya Kikamba ina kumbukumbu ya hatari hiyo. Njaa ya miaka ya 1980 ilipewa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na chakula cha kununua hakikuwepo. Kwa kipimo cha fedha peke yake, mtu huyo hakuwa maskini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mchanga. Katika mito yetu ya msimu, mchanga ni ghala la maji. Mvua ikinyesha, maji huzama kati ya chembe zake na kukaa humo miezi kadhaa, jua lisiweze kuyafikia, na akina mama huchimba kisima kifupi mtoni na kuyateka. Wakamba waligeuza maarifa hayo kuwa uhandisi. Ukijenga ukuta wa mawe na saruji kuvuka mto, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na robo ya ujazo huo au zaidi huwa maji. Vikundi kama cha Utooni, kilichoanza 1978, vimejenga mabwawa ya mchanga kwa miongo minne, na wageni kutoka nchi nyingine kame wamekuja kujifunza. Wakati huo huo malori yamekuwa yakibeba mchanga kutoka mito hiyo hiyo kwenda kujenga Nairobi. Kila lori likipita, pato la kaunti linapanda kidogo, ushuru unakusanywa, na vijana waliojaza lori wanapata ujira ambao wanauhitaji sana. Hakuna safu katika daftari inayoandika kwamba maji ya kijiji kizima yamepungua, kwamba kingo za mto zimeporomoka, kwamba mama wa kijiji hicho atatembea mbali zaidi mwezi wa Oktoba. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna daftari, ila tumeandika mauzo tu, bila stoo.

Ugumu mwingine ni wa mpaka, na ni mgumu kuliko unavyoonekana. Sensa ya 1989 iliikuta wilaya ya Machakos na takriban watu milioni 1.4, na sensa ya 2019 imeikuta kaunti ya Machakos na takriban watu milioni 1.4. Mtu asiyejua historia angesema idadi haijabadilika kwa miaka 30. Ukweli ni kwamba mwaka 1992 Makueni ilikatwa ikawa wilaya yake, na mwaka 2019 ilikuwa na watu 987,653. Ardhi iliyokuwa na watu milioni 1.4 sasa ina watu milioni 2.4. Kosa dogo la mpaka linaweza kuficha ongezeko la watu milioni moja. Mazingira nayo hayajui mipaka ya kaunti. Mto Athi unapokea uchafu wa Nairobi na kuuteremsha hadi Machakos, Makueni na kuendelea hadi baharini, na ubora wa maji hayo umekuwa hoja kubwa katika mjadala wa bwawa la Thwake. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, hupokea udongo uliopotea kwenye mashamba ya nyanda za juu za mto Tana. Kwa hiyo kaunti inaweza kuonekana endelevu kwa kusukuma gharama zake ng'ambo ya mpaka, na nyingine inaweza kuonekana imezembea kumbe inabeba mzigo wa jirani. Tathmini yoyote ya Machakos isiyouliza nini kinaingia kutoka Nairobi na nini kinatoka kwenda Nairobi itakuwa nusu ya tathmini.

Sheria tunazo, na hilo linafanya uzembe wetu uwe mzito zaidi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, imeweka maendeleo endelevu miongoni mwa maadili ya kitaifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka, pamoja na mpango wa miaka mitano, mipango ya sekta na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi. Sheria ya mazingira ya 1999 ilileta tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi, na marekebisho ya 2015 yakadai kwamba sera na mipango yenyewe ifanyiwe tathmini ya kimkakati. Lakini tuliyoizoea ni ile tathmini ya mradi mmoja mmoja. Machimbo ya kokoto yanapata kibali chake, kiwanda kinapata chake, mtaa wa nyumba unapata wake, na kila ripoti inasema athari ni ndogo na zitadhibitiwa. Huenda kila moja inasema kweli. Lakini machimbo kumi, viwanda vitano na maelfu ya nyumba zinazovuta maji kutoka tabaka moja la chini ya ardhi hutoa jumla ambayo hakuna ripoti iliyoombwa kuijumlisha. Tathmini ya mpango mzima ndiyo ilikusudiwa kujumlisha, na mahali pake ni kabla ya CIDP kupitishwa, wakati ambapo jibu bado linaweza kubadilisha bajeti.

Ninachopendekeza hakihitaji wataalamu kutoka ng'ambo. Machakos ina wadi 40. Katika kila wadi zichaguliwe sehemu chache za kudumu: kilima kimoja kitakachopigwa picha kutoka sehemu ile ile, mashamba machache ya ukubwa tofauti yatakayopimwa udongo, na kipande cha mto kitakachopimwa kina cha mchanga na cha maji mwishoni mwa kiangazi, Oktoba, kabla ya mvua ya vuli ambayo Ukambani ndiyo inayotegemewa zaidi. Ziandikwe familia zitakazotembelewa kila baada ya miaka mitano, na matokeo yatolewe kwa mafungu, robo ya chini isimame peke yake ili isimezwe na wastani. Kila mradi uliozinduliwa miaka kumi iliyopita utembelewe na kuulizwa kama unafanya kazi na nani anaulipia matengenezo. Machakos, Makueni na Kitui, ambazo tayari zimeungana katika jumuiya moja ya kiuchumi, zipime kwa njia moja na zibadilishane hesabu za maji na mchanga, kwa sababu mito ni yao wote. Kazi hiyo isishikwe na ofisi ya gavana, maana hakuna mtahiniwa anayesahihisha karatasi yake. Ishikwe na taasisi zisizoondoka na uchaguzi: Chuo Kikuu cha Machakos, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani ambacho kinaijua mvua na udongo wa nchi hii kwa miongo mingi. Na matokeo yasomwe kwa Kiswahili na Kikamba katika baraza la kila wadi kabla ya mpango mpya kuandikwa.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni kwamba watu wana njaa na kiu leo, na pesa za kupima zingechimba visima. Ninaliheshimu pingamizi hili kwa sababu linatoka mahali pa uchungu. Lakini kisima kilichochimbwa mahali ambapo maji ya ardhini yanashuka ni pesa iliyozikwa, na kisima kilichokauka hakimnyweshi mtu ati kwa kuwa uzinduzi wake ulikuwa mkubwa. Gharama ya kupiga picha, kuchukua sampuli za udongo na kuzamisha kijiti cha kupimia mtoni ni ndogo mbele ya gharama ya mradi mmoja uliokufa. Anayejua ni visima vingapi kati ya vya zamani vinavyofanya kazi, na kwa nini, atachimba vichache na vitadumu. Kupima hapa ni sehemu ya kuchimba.

Wengine watasema vipimo vya pamoja vipo tayari. Umoja wa Mataifa umeweka malengo 17 ya maendeleo endelevu tangu 2015, yenye shabaha 169, na kaunti zinaweza kupangwa kwa alama kama wanafunzi. Malengo hayo yana faida ya kutukumbusha mambo ambayo tungeyasahau, na kulinganisha kaunti kuna maana kwa anayegawa fedha za taifa. Kasoro yake ni kwamba alama ya jumla huruhusu kitu kimoja kufidia kingine. Kaunti inayoongeza lami na kupoteza maji inaweza kubaki na alama ile ile, ilhali lami hainyweki. Mchanga ukitoweka mtoni, hakuna kiasi cha madarasa kinachourudisha. Ndiyo maana napendekeza vipimo visimame kando kwa kando, kila kimoja kikionekana, na vile vya udongo na maji vipewe mstari wa chini ambao hauruhusiwi kuvukwa hata pato likipanda.

Kuna pia wanaoamini kwamba setilaiti zimetuondolea haja ya kutembea. Picha za setilaiti za tangu miaka ya 1970 zipo, nyingi bila malipo, na nchi ambayo haizitumii inajinyima. Lakini setilaiti huona kijani bila kujua ni kijani cha nini. Shamba la mahindi na kichaka cha lantana kilichovamia malisho vinaweza kufanana ukivitazama kutoka juu. Haioni kina cha maji chini ya mchanga, haioni kwamba shamba limeuzwa kwa tajiri na aliyelima sasa ni kibarua. Mary Tiffen na wenzake walikuwa na picha za angani, na bado walikaa na wazee wakauliza kwa nini tuta hili lilijengwa na lile likaachwa. Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyoeleza picha.

Pingamizi la mwisho linatoka katika historia yenyewe ya Machakos, nalo linavutia: kama watu hawa waliiokoa ardhi yao bila daftari la wadi wala jopo la wataalamu, kwa nini tusiwaache waendelee? Jibu ni kwamba hawakuokoka kwa ujumla wao, na hawakuokoka katika mazingira ya leo. Wapo waliopoteza ardhi, nao hawapo kwenye picha nzuri. Wakati ule kulikuwa bado na ardhi tupu ya kuhamia upande wa kusini, kahawa ilikuwa na bei, na adui mkuu alikuwa maji yanayoteremka kilimani, adui anayeonekana na anayezuilika kwa jembe. Adui wa sasa haonekani kwa urahisi: rutuba inayopungua chini ya tuta zima, maji yanayoshuka chini ya mchanga, kemikali zinazosafiri mtoni, mvua isiyoshika majira yake. Mkulima anaona mavuno yakipungua lakini hawezi peke yake kujua ni kwa sababu ya mvua, udongo au mbegu. Kumwachia afanye lile aliloweza babu yake, huku tukimnyima taarifa, si kumheshimu.

CIDP ya sasa ya kaunti zetu inamalizika 2027, mwaka wa uchaguzi. Itafuata nyingine, na itaandikwa kwa haraka, ikiwa na neno endelevu katika kila ukurasa, kama hatutadai vinginevyo mapema. Nawaomba wawakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti ya Machakos wasiupitishe mpango wowote ambao haujatanguliwa na tathmini ya yale yaliyobaki kutoka mpango uliopita. Nawaomba wasomi wa Machakos waanze kupiga picha na kupima mito hata kabla ya kupewa bajeti, kwa sababu mwaka usiopimwa haurudi. Na wewe msomaji, siku utakapoitwa kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma ukapewa kijitabu chenye orodha ya miradi, nyanyua mkono uulize jambo moja tu: mwezi wa Oktoba, mwanamke wa wadi hii anachimba mchanga kina gani kabla ya kuona maji, na miaka kumi iliyopita alichimba kina gani? Wasipokuwa na jibu, hawajui kama tunaendelea.